Maji ya Kunywa Yanataka Saa na Mahali Pake

Uliza ofisini, sokoni au kijiweni mtu mzima anatakiwa anywe maji kiasi gani kwa siku, na jibu litakuwa lile lile: glasi nane. Husemwa zahanati, hurudiwa redioni, na huzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp na watu wanaojali afya za jamaa zao. Pamoja na hayo, mchana wa Januari jijini Dar es Salaam, joto likiwa limevuka nyuzi 30, si vigumu kumkuta mtu aliyeanza kazi alfajiri ambaye hajatia kinywani zaidi ya kikombe kimoja cha chai. Hesabu anaijua. Kuijua hakujamnywesha. Naamini kosa liko katika namna tulivyolielewa jambo lenyewe. Tumeligeuza kuwa suala la kukumbuka idadi na kujikaza, ilhali kunywa maji ya kutosha ni mazoea, na mazoea ya aina hii hushikwa na vitu viwili: saa inayojirudia kila siku, na mahali ambapo maji yapo tayari. Asiye na viwili hivyo atahubiriwa mpaka mhubiri achoke.

Tuanze na hiyo idadi, maana imepewa heshima kuliko inavyostahili. Mwaka 1945 Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima anahitaji takriban lita mbili na nusu za maji kwa siku, kisha ikaongeza kwamba sehemu kubwa ya maji hayo imo tayari ndani ya chakula. Wengi wanaofuatilia historia ya ushauri huu wanaamini hapo ndipo ulipoanzia: sehemu ya kwanza ikashikwa, ya pili ikasahauliwa. Mwaka 2002 Heinz Valtin, mtaalamu wa figo wa Marekani, alipekua machapisho ya kisayansi akitafuta ushahidi wa glasi nane kwa watu wazima wenye afya wanaoishi mahali pasipo na joto kali, na hakuupata. Miaka 20 baadaye, mwaka 2022, jarida la Science lilichapisha utafiti uliopima maji yanavyoingia na kutoka mwilini kwa watu zaidi ya 5,600 kutoka nchi zaidi ya 20, kuanzia mtoto wa siku nane hadi mzee wa miaka 96. Tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno. Joto, unyevu wa hewa, mwinuko wa ardhi, ukubwa wa mwili, ujauzito na kazi za kutumia misuli, vyote vilibadili kiasi ambacho mwili hukitumia.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki maana yake ni nyepesi kuiona. Karani anayeshinda kwenye kiyoyozi ghorofani na mbeba mizigo wa Kariakoo hawawezi kupewa namba moja. Vilevile anayekula wali, ambao baada ya kupikwa ni maji kwa karibu theluthi mbili, akafuatisha mchuzi, mboga za majani na kipande cha tikiti, amekwisha kunywa sehemu ya maji yake mezani bila kujua. Ndiyo sababu Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipotoa mwongozo wake mwaka 2010, lita 2 kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamume, ilihesabu maji yote kwa jumla, ya vinywaji na ya chakula. Hivyo ni viwango vya watu wa nchi zenye hali ya hewa ya wastani. Mtu anayetokwa na jasho saa nane mfululizo chini ya jua la Pwani anahitaji zaidi, tena pengine zaidi sana.

Hapa msomaji makini atauliza: kama idadi haiaminiki, si tungoje kiu tu? Mungu ameuumba mwili na alama zake. Hoja hii ina uzito, na sehemu kubwa yake ni ya kweli. Damu ikianza kuzidiwa na chumvi, hata kwa asilimia moja au mbili, ubongo huhisi, huamuru figo zizuie maji, na kiu huanza kumsumbua mtu. Kwa kijana mwenye afya, anayekaa karibu na maji na mwenye ruhusa ya kuyafuata, mfumo huo unatosha. Lakini tazama ni masharti mangapi yamejificha katika sentensi hiyo. La kwanza ni ujana. Mwaka 1984 watafiti waliwanyima maji kwa saa 24 wanaume saba vijana na wanaume saba wenye umri wa miaka 67 hadi 75, wote wazima wa afya. Wazee walikuwa wamekaukiwa zaidi, ila kiu yao ilikuwa ndogo kuliko ya vijana, na walipopewa maji walikunywa machache. Bibi anayesema hana kiu hadanganyi. Kengele yake imefifia, na anayeishi naye ndiye anayepaswa kumpelekea kikombe.

Sharti la pili ni afya. Kuna watu ambao kwao kiu huja ikiwa imechelewa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, na kwa mgonjwa wa selimundu ukavu wa mwili hurahisisha chembe nyekundu za damu kupinda na kuziba mishipa, kisha maumivu makali hufuata. Aliyewahi kupata mawe kwenye figo naye hana haki ya kungoja kiu. Nchini Italia wagonjwa 199 waliopata jiwe kwa mara ya kwanza walifuatiliwa kwa miaka mitano. Kati ya walioelekezwa kunywa maji mengi, kiasi cha kutoa lita mbili za mkojo kwa siku au zaidi, asilimia 12 walipata jiwe tena. Kati ya wale wasiopewa maelekezo hayo, asilimia 27. Halafu kuna tatizo linalowasumbua wanawake wengi, maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo mtaani huitwa UTI. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwachukua wanawake 140 waliokuwa wakipata maambukizi hayo mara kwa mara na ambao walikuwa wakinywa chini ya lita moja na nusu kwa siku. Nusu yao waliongezewa lita moja na nusu kila siku kwa mwaka mzima. Wastani wao wa kuugua ukawa mara 1.7, huku wenzao wakiugua mara 3.2. Ni karibu nusu, kwa kinywaji kisichohitaji cheti cha daktari.

Sharti la tatu, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni uhuru wa kuitikia kiu. Kiu ni wito tu. Mwalimu mwenye vipindi vinne mfululizo, kondakta wa daladala aliyening'inia mlangoni, mlinzi asiyeruhusiwa kuondoka getini, wote huhisi kiu na wote hujifunza kuinyamazisha. Baada ya miaka kadhaa ya kuinyamazisha, mtu huizoea hali yake, akidhani maumivu ya kichwa ya saa tisa alasiri na mkojo wa rangi ya chai ni sehemu ya kazi. Kumwambia mtu huyo ausikilize mwili wake ni kumpa ushauri ambao mazingira yake yamekwisha kuukataa.

Basi mazoea hujengwaje? Tuna ushahidi mzuri kutoka Chuo Kikuu cha London, University College, ambako Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Kila mmoja alichagua jambo moja dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi, akalifunga kwenye tukio ambalo tayari lilikuwamo katika siku yake. Mfano mmoja ulikuwa kunywa glasi ya maji baada ya kifungua kinywa. Ilichukua kwa wastani siku 66 jambo hilo lianze kujifanya lenyewe bila kufikiriwa, ingawa tofauti zilikuwa kubwa: makisio yalianzia siku 18 na kufika 254. Mambo mepesi kama kunywa maji yalikaa haraka kuliko mazoezi ya viungo. Jingine walilolikuta linafaa kubandikwa ukutani mahali pa zile glasi nane: kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Wengi wetu huanza mwezi kwa chupa kubwa yenye alama za saa, tukakosa Jumatano, na Alhamisi chupa ikageuka ya kuwekea mafuta ya taa. Tunadhani tumeshindwa, kumbe tulikuwa tumekosa siku moja tu.

Wasomaji Waislamu wa Pwani hawahitaji kwenda London kuliona hili. Katika mwezi wa Ramadhani mamilioni ya watu, wakiwamo wapishi, mafundi na wavuvi, hukaa bila maji saa zipatazo 13 kwa siku, na bado hupanga kunywa kwao bila kuhesabu glasi. Adhana ya magharibi inapotoka mkono uko kwenye kikombe. Baada ya tarawehe kinapatikana kingine, na wakati wa daku kingine tena. Hakuna anayesahau, kwa kuwa kila kikombe kina saa yake na watu wa kukinywa nao. Mwezi ukiisha, ratiba hiyo huvunjwa siku moja, na yule aliyekuwa akinywa vizuri usiku anarudi kushinda na chai. Nguvu ya nia haikupungua usiku wa Idi. Kilichoondoka ni nguzo za saa. Anayeswali mara tano anazo nguzo tano zilizobaki mwaka mzima, na kikombe kimoja baada ya kila swala ni zaidi ya lita moja kwa siku kabla chakula hakijahesabiwa. Asiyeswali anazo zake: kupiga mswaki, kuketi kula, kurudi nyumbani, kuwasubiri abiria kijiweni.

Saa peke yake haitoshi, na hapa ndipo ninapotofautiana na washauri wengi wa afya ambao humwachia mtu mmoja mzigo wote. Nchini Ujerumani, katika miji ya Dortmund na Essen, watafiti walichukua shule 32 za msingi zilizoko kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini. Baadhi ziliwekewa mabomba ya maji ya kunywa, walimu wakafundisha vipindi vichache kuhusu maji, na watoto wakapewa chupa zao. Mwisho wa mwaka wa masomo watoto wa shule hizo walikuwa wakinywa takriban glasi moja zaidi kwa siku kuliko wenzao, na uwezekano wao wa kuwa na uzito uliozidi ulikuwa pungufu kwa asilimia 31. Hakuna mtoto aliyeambiwa apunguze kula. Maji yalisogezwa karibu, basi.

Nyumba za zamani za Pwani zililijua jambo hili. Mtungi ulikuwa na mahali pake, penye kivuli na upepo, na kata juu yake. Mgeni hakuhitaji kuuliza maji yako wapi. Sitaki kuusifia zaidi ya haki yake, kwa kuwa mikono mingi inayochota kwa kata moja huingiza vijidudu kwenye maji yaliyokuwa safi, na ndiyo sababu wataalamu wa usalama wa maji wanapendekeza chombo chenye mdomo mwembamba au chenye koki chini. Ila mpango wa mtungi ulikuwa sahihi: maji yaonekane, yawe baridi, yawe njiani kwa kila apitaye. Leo kwa mama ntilie wengi maji ya kunawa huletwa bila kuombwa, na ya kunywa huombwa au hununuliwa. Jagi moja la maji yaliyochemshwa, likitangulia sahani mezani, lingefanya kazi kuliko matangazo mengi ya redio.

Sasa niseme kuhusu choo, kwa sababu mjadala wa maji unaokikwepa choo haujakamilika. Muuza mboga anayefika sokoni saa kumi na moja alfajiri na kuondoka jioni anajua kabisa kwamba anakaukiwa. Anajua pia kwamba choo cha soko ni cha kulipia, kiko mbali na meza yake, hakina maji, na akiondoka hakuna wa kumwangalizia mali. Kwa hiyo hanywi. Msichana wa sekondari ambaye choo cha shule yao hakina mlango unaofungika anafanya hesabu hiyo hiyo, tena kwa uchungu zaidi siku za hedhi. Tunawaita watu hawa wazembe wa afya, na hatuwatendei haki. Wamepima gharama na faida kwa akili timamu, wakachagua ukavu kuliko aibu. Kampeni inayowataka wanywe zaidi bila kugusa choo inawaomba wajidhuru kwa namna nyingine. Yeyote anayetaka kujua kwa nini wafanyakazi wake au wanafunzi wake hawanywi maji aanze kwa kuingia kwenye vyoo wanavyovitumia.

Pingamizi jingine ni la usalama na bei. Maji ya bomba hayaaminiki kila mahali, ya visima vya Pwani mengi yana chumvi, na ya chupa ni ghali kwa familia ya watu sita. Ni kweli tupu. Hata hivyo kuyachemsha mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja, au kuyatia dawa ya klorini kama WaterGuard kwa kipimo kilichoandikwa, huua vijidudu vingi vinavyoleta kuhara na kipindupindu, na gharama yake kwa lita haikaribii ya chupa. Kuna maeneo ambako hilo halitoshi. Arusha, sehemu za Kilimanjaro na ukanda wa Bonde la Ufa hadi Nakuru, ardhi ya volkano hutia madini ya floraidi kwenye maji. Ndiyo yanayoyapaka meno rangi ya kahawia, na yakizidi kwa miaka mingi huharibu mifupa. Kuchemsha hakuyaondoi, bali huyazidisha kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki. Mkazi wa huko hawezi kumaliza tatizo hili jikoni kwake, na kumhimiza anywe zaidi kabla hajapatiwa chanzo salama si uungwana.

Chai je? Wapo wanaosema haihesabiki kwa sababu inakojoza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walilijaribu hili kwa wanaume 50 waliozoea kahawa, wakawapa vikombe vinne vya kahawa kwa siku, na hawakuona dalili za ukavu kulinganisha na siku za maji matupu. Chai ina kafeini kidogo kuliko kahawa. Kwa hiyo chai ni maji. Shida yake kwetu ni sukari, na shida ya soda ni kubwa zaidi: chupa ya mililita 300 hubeba takriban gramu 30 za sukari, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa ibaki chini ya gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Anayekata kiu kwa soda mbili amekwisha kuvuka mpaka kabla ya chakula cha jioni.

Kuna pia hatari ya kuzidisha, nayo si ya kubuni. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu walipofika mwisho, na asilimia 13 kati yao walikuwa na sodiamu pungufu, hali inayotokea hasa kwa waliokunywa kupita kiasi. Wagonjwa wa moyo na wa figo waliopangiwa kiasi na daktari wakifuate hicho. Na mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji kabisa, hata kwenye joto la Tanga: maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya asilimia 85, na maji ya kikombe humletea kuhara na kumshibisha bure. Kwa mtu mzima wa kawaida kipimo kilicho karibu ni rangi ya mkojo. Ukiwa wa njano hafifu mchana, uko vizuri. Wa asubuhi huwa mzito kwa kila mtu.

Linabaki swali la nani awajibike. Katika mashamba ya miwa ya Nicaragua na El Salvador maelfu ya wakataji, wengi wao vijana, wameugua figo kwa namna ambayo kisukari na shinikizo la damu haviwezi kuieleza, na watafiti wengi wanaihusisha na kazi nzito kwenye joto kali pamoja na ukavu wa mwili. Pale Nicaragua ambako wakataji waliongezewa maji, kivuli na mapumziko ya lazima, madhara ya figo yalipungua, na mapumziko yalionekana kuwa na uzito mkubwa. Wakataji hawa hawakukosa elimu ya maji. Walikuwa wakilipwa kwa uzito wa miwa, na kila dakika ya kunywa ilikuwa dakika isiyolipwa. Fundi ujenzi wa Dodoma anayelipwa kwa tofali na dereva wa bodaboda anayedaiwa hesabu ya siku wako katika mtego huo huo, na mwenye uwezo wa kuutegua ni anayepanga malipo na saa za kazi.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nayaelekeza kwa wenye uwezo huo. Mwajiri, weka maji pale kazi inapofanyika na upange dakika za kuyanywa ambazo hazikatwi kwenye malipo. Diwani, choo cha soko kiwe kwenye bajeti ya mwaka huu, na wauzaji wenye meza za kudumu wasilipishwe kila wanapoingia. Mwalimu mkuu, mruhusu mtoto awe na chupa ya maji kwenye dawati. Na kamati za shule zikikutana muhula huu, ziweke mambo mawili kwenye ajenda kabla ya rangi ya ukuta: koki ya maji salama karibu na madarasa, na vyoo vyenye milango inayofungika kwa ndani.